Uliza Fundi: Gari la Kiingereza la Kujiundia

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaoagiza kutoka Uingereza magari ya kujiundia, yanayokuja kama seti ya vipande, hasa ya mtindo wa Lotus Seven, gari lililoanza kuuzwa 1957 na ambalo mpaka leo viwanda kadhaa vinaiga umbo lake. Ni gari la viti viwili, chasi ya mabomba ya chuma, mabamba ya alumini ubavuni, pua na madigadi ya faibaglasi.

*Salaam aleikum. Nataka seti ya mtindo wa Seven inayotumia vyombo vya Mazda MX-5. Naweza kuagiza MX-5 kuukuu kutoka Japani, ije nzima, niifungue hapa? Na forodha watanitoza kama spea au kama gari? – M.S., Kizingo*

Waalaikum salaam. MX-5 nzima ya umri huo haiingii. Kiwango cha KEBS (shirika la viwango la Kenya), KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Seti nyingi zimechorwa kwa MX-5 ya kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotoka kiwandani kati ya 1989 na 2005. Zote umri umeshazipita. Kwa hiyo tafuta iliyokwisha sajiliwa Kenya, hata kama imegongwa ubavuni, mradi logbook ni safi, au agiza vyombo peke yake: injini, gia boksi, propela shafti, difu (gia za ekseli ya nyuma), shafti za nyuma, habu zote nne na breki zake, na safu ya usukani.

Ukiagiza vyombo, vyote vitoke kwenye gari moja. MX-5 ya kwanza ya 1.6 ina difu ndogo kuliko ya 1.8, na propela shafti na shafti za nyuma zinafuata difu. Ukichanganya, mambo hayakutani. Kompyuta ya injini nayo ije na waya zake zote bila kukatwa, na ufunguo wake wa asili, kwa sababu baadhi ya MX-5 za miaka ya mwisho zina kinga ya wizi inayosoma chipu iliyo ndani ya ufunguo. Bila chipu hiyo, injini itapiga stata na haitawaka.

Kuhusu forodha, hapa ndipo watu huumia. Ushuru wa Afrika Mashariki unafuata mfumo wa HS, ule wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa mafungu, na kanuni yake ya 2(a) iko wazi: kitu kilichofunguliwa vipande, au ambacho hakijakamilika, kikiwa tayari kina sifa za msingi za kitu kizima, kinahesabiwa kizima. Kreti lenye chasi, bodi, injini na magurudumu linaweza kuingizwa fungu la 8703, yaani magari, hata kama hakuna nati moja iliyokazwa. Spea ziko 8708. Tofauti ya malipo ni kubwa, na wakala anayekuambia "tutasema ni spea" anakuwekea kesi, si akiba. KRA, mamlaka ya mapato, hutoa uamuzi wa awali wa forodha kwa maandishi. Uombe kabla hujamlipa muuzaji, ukiambatisha picha na orodha ya kila kipande. Kumbuka ushuru unakokotolewa juu ya bei ya mali pamoja na bima na nauli, kisha VAT ya 16% inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake.

Barua nyingine iende NTSA, wanaosajili magari, siku hiyohiyo, uulize gari hili litasajiliwa kwa utaratibu upi, na kama unatumia gari la hapa, logbook yake ifanyweje kabla hujalifungua. Nambari ya chasi iwe imegongwa kwenye bomba lenyewe na ifanane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye ankara. Ankara inayosema "vipuri mbalimbali" irudishe. Mbao za kreti nazo ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu. Muhuri usipokuwepo, mzigo unaweza kuzuiwa pale CFS (ghala la makontena) huku gharama za kuhifadhi zikipanda.

*Chasi imefika imepakwa rangi ya unga, inang'aa. Fundi wa jua kali anataka kupiga alumini ribiti moja kwa moja juu yake. Tunakaa Nyali, karibu na maji. Kuna ubaya? – J.K.*

Ubaya upo, na ni mkubwa. Alumini ikigusa chuma kitupu penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukitoka pembeni mwa ribiti, kisha rangi inavimba, mwisho tundu linakuwa kubwa kuliko kichwa cha ribiti. Rangi ya unga haikuokoi, kwa sababu kila tundu unalotoboa linaacha duara la chuma kitupu.

Kazi ifanywe hivi. Shika bamba mahali pake kwa klempu, toboa matundu yote kwa keekee ya 4.1 mm kama ribiti ni za 4 mm, nafasi 50 mm au kama kitabu cha seti kinavyosema. Lishushe bamba. Parua kingo za kila tundu pande zote mbili, fagia chembe zote za chuma, futa kwa spiriti, halafu kwa brashi ndogo tia praima ya epoksi ndani ya kila tundu la chasi na uiache ikauke. Sasa paka gundi ya poliyurethani mstari mmoja usiokatika juu ya bomba, rudisha bamba, piga ribiti. Fanya bamba moja kwa wakati. Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha kuifanya ishike ngozi huku bado unatafuta bunduki ya ribiti.

Usitumie silikoni ya madirisha ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, na chini ya bamba asidi hiyo inaanzisha kutu. Ribiti ziwe za alumini zilizozibwa upande wa nyuma. Ribiti ya kawaida huacha ndani yake kipande cha pini ya chuma ambacho hupata kutu na kutiririsha michirizi ya kahawia juu ya alumini yako safi.

Mwisho, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba kupitia matundu yaliyopo. Pitisha tapu (chombo cha kukata hesi) kwenye kila hesi, yaani mikato inayoshika bolti, iliyojaa rangi ya unga kabla ya kufunga bolti. Zile za mikanda ya usalama zina hesi ya inchi 7/16 UNF, si M10 wala M12 za milimita. Bolti ya M10 huingia humo ikiwa imelegea, na siku ya ajali itachomoka.

*Kiungo kimoja cha bomba la breki kinavuja hata nikikaza kwa nguvu zote. Nimebadilisha bomba mara mbili. – Msomaji, Tudor*

Acha kukaza. Karibu kila mara shida ni kuchanganya M10x1 na 3/8 UNF. Kipenyo cha kwanza ni 10 mm, cha pili ni 9.5 mm, na hatua za hesi zinakaribiana mno. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la M10 kwa vidole, inaonekana imeshika, halafu ukikanyaga breki kwa nguvu inateleza. Seti za Kiingereza huchanganya vyombo vya zamani vya inchi na vya kisasa vya milimita, kwa hiyo pima kila nati kwa kalipa. Angalia pia mdomo wa bomba: vyombo vya M10 kwa kawaida vinataka mdomo wa kitunguu, na vile vya inchi mara nyingi vinataka mdomo wa faneli. Kama tundu limeshaharibika hesi, badilisha chombo chenyewe. Breki haitiwi tepu ya mabomba ya maji.

Ukinunua bomba jipya, chukua la shaba na nikeli la 4.75 mm. La chuma litaoza kwa chumvi. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanywa unyevu kiwango hushuka hadi 155, na hapa pwani yananywa haraka. Yabadilishe kila mwaka, na chupa iliyofunguliwa zamani usiitumie.

*Gari ni zuri barabarani, lakini kwenye foleni ya feri ya Likoni joto linapanda mpaka nazima injini. Rejeta ni mpya. – A.H.*

Ukiwa kwenye mwendo upepo unafanya kazi, ukisimama feni ndiyo pumzi pekee. Anza na hewa iliyonaswa. Kwenye gari hili rejeta iko chini kuliko kichwa cha injini, kwa hiyo hewa hukaa juu, kwenye hosi ya hita au kwenye kichwa chenyewe. Tangi la akiba liwe ndilo sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Inua pua ya gari, jaza polepole, fungua skrubu ya kutolea hewa, acha injini ingurume mpaka thamostati ifunguke na hosi ya chini ipate moto.

Kisha tazama feni. Iwe nyuma ya rejeta, ivute kuelekea injini. Karatasi iliyowekwa mbele ya rejeta ishikwe, isipeperuke. Mara nyingi waya zake mbili zimegeuzwa na feni inasukuma hewa kinyume. Baada ya hapo ziba kwa bamba au sponji ngumu kila mwanya kati ya pua na kingo za rejeta, maana hewa hupita penye njia rahisi, na hewa inayopita pembeni haipozi chochote.

Na maji: usitie ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kichwa cha injini cha alumini kitatobolewa kutoka ndani. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu, na kifuniko cha shinikizo ambacho kitabu cha injini kinataja.

*Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa. Ni fyuzi? – Msomaji, Mikindani*

Si fyuzi, ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chasi. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inataka waya wake mweusi mpaka kwenye chasi. Pale unapofunga, parua rangi ya unga mpaka chuma king'ae, kaza kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake.

*Baada ya wiki chache bushi za mikono ya mbele zimepasuka. Nilizikaza vizuri kwa spana ya toki. – F.O., Changamwe*

Ulizikaza gari likiwa juu ya stendi. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka mpira unabaki umepindwa siku zote mpaka unachanika. Weka bushi mpya na nati mpya za nailoni, kaza kidogo tu, shusha gari chini, weka uzito wa dereva kitini, sukuma gari mbele na nyuma litulie, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha seti.