Nani Kinara? Maswali Yenu Kuhusu Waimbaji Viongozi wa Dansi

SWALI: Kijiweni kwetu ubishi hauishi. Mmoja anaapa hakuna aliyemfikia Marijani Rajab, mwingine anasema Muhidin Maalim Gurumo, wa tatu haambiliki kwa Hassan Bitchuka. Tuamulieni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Mnabishania mambo matatu mkidhani ni moja. Kuna sauti, kuna usimulizi, na kuna kuiongoza bendi ukiwa mbele ya maiki. Mkivitenganisha, ubishi unapungua makali.

Kwa sauti tupu, mpeni Bitchuka. Ni nyembamba, ya juu, inapaa juu ya tarumbeta na saksafoni bila kugeuka kelele, na silabi ya mwisho ya mstari haimezwi. Kwa usimulizi ni Marijani (1955–1995), na jina la Jabali la Muziki hakulipata kwa bahati. Ichukueni "Zuwena" ya Dar International: anaimba kama mtu anayeongea na aliyeketi naye jamvi moja, halazimishi sauti kulia ili msikilizaji alie.

Lakini swali lenu ni la mwimbaji kiongozi wa bendi, na hapo sisi tunasimama na Gurumo (1940–2014). Alitamba na NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964 iliyokuja kuitwa JUWATA. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, bendi inayojulikana kwa jina la Sikinde. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, watu wakacheza mtindo wa Ndekule, na baadaye akarudi Msondo, yaani bendi ileile ya NUTA na JUWATA. Kote huko alikuwa na watu wenye sauti kali kuliko yake. Pale Mlimani tu alikuwa na Bitchuka na Cosmas Chidumule. Kiongozi mwenye choyo angewageuza hao kuwa waitikiaji wake. Haikuwa hivyo: "Neema" aliitunga Chidumule, na mpaka leo ukiitaja, sauti inayokujia kichwani ni ya Chidumule. Bendi iliyojaa vinara inahitaji mtu anayejua lini asimame mbele na lini arudi nyuma kushika sauti ya pili. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuimba peke yako, na ndiyo maana kura yetu iko kwake.

Mkitaka kulimaliza wenyewe, tafuteni rekodi za Radio Tanzania za miaka hiyo, maana bendi ilipiga pamoja mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na kusahihisha mstari mmoja mmoja. Vaeni hedifoni, msikilize wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuateni sauti inayoongoza na kusikiliza anavuta pumzi wapi. Akikata neno katikati ili apumue, mpunguzieni alama. Mara ya pili msikilize kiitikio tu: sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zinamaliza neno kwa wakati mmoja, au kuna anayebaki nyuma? Mara ya tatu subirini pale wimbo unapoingia kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Kiongozi wa kweli anawaachia magitaa nafasi. Dhaifu anaendelea kupiga kelele juu ya solo.

SWALI: Mbaraka Mwinshehe mnamweka wapi? Kuna wanaosema ni mpiga gitaa aliyekuwa akiimba, si mwimbaji.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni vyote viwili, na hilo linampandisha badala ya kumshusha. Mbaraka (1944–1979) aliimba huku akipiga gitaa la solo, kwanza Morogoro Jazz, na tangu 1973 Super Volcano. Ugumu wake uko hapa: gitaa la rizimu, lile linaloshikilia mapigo ya wimbo, linajirudia, kwa hiyo mkono unaweza kulizoea na kinywa kikaendelea na mambo yake. Solo haijirudii hivyo. Mpigaji anayeimba hulazimika kugawa zamu, sauti imalize mstari, gitaa lijibu, sauti irudi. Sikilizeni "Shida" kwa sikio hilo. Gitaa linajibu maneno, na wakati mwingine linasema lile ambalo sauti imelizuia. Mtu wa kupanga zamu hizo akiwa na kinywa na vidole vyake mwenyewe hatumwoni kirahisi.

SWALI: "Sina Makosa" ya Les Wanyika aliimba nani? Hapa kila mtu anataja John Ngereza.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sauti inayoongoza ni ya Issa Juma. Mtunzi ni Omar Shabani, mpiga rizimu waliyemwita Profesa. Ngereza ndiye anayepiga gitaa la solo. Yeye alikuja kuwa uso wa bendi kwa miaka mingi, ndiyo sababu watu wanamchanganya.

SWALI: Tuna bendi changa. Mwimbaji wetu mazoezini ni moto, lakini jukwaani wimbo wa nne tu sauti inakwaruza, na maiki inapiga mluzi kila akikoleza. Tumebadilisha maiki mara mbili, hali ni ileile.
Kiongozi wa bendi, Mwanza

JIBU: Maiki haina kosa. Tazameni mkono wake. Akiwa ameshika kile kichwa chenye wavu, ameziba matundu ya nyuma yanayoisaidia maiki kukataa sauti zinazotoka upande wa spika. Yakizibwa, inapokea kutoka pande zote, na mluzi lazima utoke. Ashike mpini, kichwa kibaki wazi, mdomo uwe umbali wa vidole viwili hadi vitatu. Spika ya kujisikilizia iwekwe chini mbele yake, ielekee mkia wa maiki, isikae ubavuni.

Kukwaruza kuna sababu mbili. Ya kwanza ni magitaa. Mazoezini mnapiga chini, jukwaani kila mmoja anaongeza kidogo, na mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele bila kujijua. Punguzeni spika za magitaa, hasa iliyoelekea mgongoni mwake, kabla hamjaongeza ya kwake.

Ya pili, na hii ndiyo bendi nyingi hukwama, ni ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti mnachouimbia. Mliuchagua saa nne asubuhi koo likiwa bichi. Aimbe kwanza dakika ishirini, halafu mpeni mstari wa juu kabisa wa kiitikio, aurudie mara tatu mfululizo. Mara ya tatu akiinua kidevu na mishipa ya shingo ikatoka, shusheni nusu toni, mjaribu tena. Msisubiri sauti ikatike ndipo mshushe.

Hapo mtagombana na wapuliza tarumbeta, na wana haki. Tuseme wimbo uko F. Tarumbeta ya kawaida, ya B flati, noti zake huandikwa toni nzima juu, kwa hiyo inapiga katika G yenye shapu moja (alama ya kupandisha noti; flati huishusha), raha mustarehe. Mkishusha hadi E, gitaa litafurahi kwa nyuzi zake wazi, lakini tarumbeta inatupwa kwenye F shapu, shapu sita, na vidole vinajikwaa kwenye kila mbio. Shukeni nusu toni nyingine hadi E flati: tarumbeta inarudi kwenye F, flati moja tu. Magitaa na besi yalegeze nyuzi zote nusu toni, wapigaji washike mikono ileile ya E. Mwimbaji naye amepata toni nzima ya kupumulia.

SWALI: Kwenye orodha za vinara sioni wanawake. Hawakuwapo?
Msomaji wa kike, Dodoma

JIBU: Walikuwapo, ila wachache, na wengi waliwekwa kwenye kiitikio. Vijana Jazz walikuwa na Kida Waziri bega kwa bega na Hemedi Maneti. Baadaye Luiza Mbutu aliimba na kuiongoza African Stars, Twanga Pepeta. Wote wawili wanastahili kutajwa kila ubishi huu unapoanza.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana. Nyimbo zilipangwa kwa makoo ya wanaume. Ukimpa mwanamke wimbo ulioko A kwa ajili ya mwanaume, ama anazama chini ambako sauti haina nguvu, ama anaruka oktavu nzima na kulazimika kupiga kelele. Kisha anaambiwa hana sauti. Mpandishieni nusu toni tano, iwe D, magitaa yanaipenda na tarumbeta inaingia E, shapu nne, inapigika. Aimbe hapo ndipo mseme kama anaweza au hawezi.