Maswali yenu: mkao wa farasi, goti la mzee na mkanda mweusi wa miezi minane

Meseji zimerundikana tangu kabla ya Ramadhani, kwa hiyo leo sipigi porojo. Nimechukua maswali ya kung fu na tai chi yanayojirudia, nikafupisha marefu na kuondoa majina.

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, niko Mwanza. Nimeanza kung fu wiki ya tatu sasa, lakini kila siku tunasimamishwa tu kama tumepewa adhabu. Kuruka na mateke ya hewani tutaanza lini?"

Marahaba mdogo wangu. Hata mimi nilitokea hukohuko: banda la video, benchi la mbao, na ulimi wa mtafsiri unaoruka kuliko starring mwenyewe. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba yule anayepaa juu ya mapaa kafungwa waya, na waya wenyewe hauonekani kwenye picha. Wewe waya huna. Una mapaja.

Mnachosimamishwa kinaitwa mabu, yaani mkao wa farasi. Miguu imeachana, magoti yanafuata uelekeo wa vidole vya miguu, mgongo umenyooka, makalio hayajabinuka. Dakika ya kwanza unajiona bingwa. Ya pili mapaja yanaanza kuwaka. Baada ya hapo yanatetemeka yenyewe kama bodaboda iliyokataa kushika moto, na hapo ndipo mwili unapoanza wizi: kiuno kinapanda kidogokidogo, kifua kinainama, uzito unakimbilia vidoleni. Wewe hujui kama unaiba. Mwalimu anapita nyuma, anakugusa mgongo wa chini kwa vidole viwili, anasema, "Shuka." Hivyo vidole viwili ndivyo ulivyovilipia ada.

Ngumi ya kung fu haianzii begani. Inaanzia kisiginoni, inapita nyonga, ndipo inafika mkononi. Mguu ukiwa legelege, ngumi inakuwa ya kupungia mtu kwaheri. Na Wachina wenyewe neno hilo hawalifungii kwenye mapigano. Ujuzi wowote ulioiva kwa muda na jasho ni gongfu, hata wa mpishi, hata wa kuandaa chai.

Teke la kuruka mimi huanza kulifundisha siku mwanafunzi anapopiga teke la kawaida la kiunoni, akaurudisha mguu palepale alipoutoa, bila kuyumba, mara kumi kila upande. Kuna waliofika hapo kwa miezi mitatu, kuna waliochukua mwaka.

"Mimi ni mama wa Tanga. Binti yangu wa miaka tisa anataka kung fu, na mimi jirani kanishauri tai chi. Hivi ni vitu viwili au kimoja?"

Tai chi ni mtoto mmojawapo katika ukoo mkubwa wa kung fu, dada yangu. Watu huzitenganisha kwa sababu moja wanaiona inaruka na nyingine inaelea.

Shaolin, ambayo kila mtu anaijua, ni hekalu la Wabudha lililojengwa mwaka 495 kwenye mlima Song, mkoa wa Henan. Pale pana jiwe la mwaka 728 lenye maandishi yanayokumbusha jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin vitani mwaka 621, kabla hajawa mfalme wa nasaba ya Tang. Tai chi ni changa zaidi. Tawi la zamani linalojulikana ni la kijiji cha ukoo wa Chen, Chenjiagou, karne ya 17, Henan hiyohiyo ila ng'ambo ya Mto Njano. Kwa muda mrefu ilibaki mali ya ukoo, hadi Yang Luchan, mtu wa nje aliyezaliwa 1799, alipojifunza pale na baadaye kuipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, ndiye aliyeisambaza ile ya polepole unayoiona wazee wakiicheza bustanini. Mwaka 1956 serikali ya China ikaifupisha kuwa miondoko 24, ya dakika tano au sita tu, na hiyo ndiyo utakayoanza nayo karibu kila shule. Ya ukoo wa Chen bado ina kukanyaga chini kwa kishindo na ngumi za ghafla, kwa hiyo usije ukadhani tai chi yote ni ya kubembeleza usingizi.

Binti mpeleke kung fu. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia asogee polepole kwa dakika sita, dakika ya pili utamkuta anachora mchangani. Na akinogewa, njia ipo: wushu, ambayo ni kung fu ya mashindano, imeingizwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Wewe shika tai chi. Mkipata shule yenye vyote viwili kwa saa zilezile, mmeokoa nauli.

"Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 67, Mombasa. Nina presha na goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi. Wajukuu wananicheka nikisema nataka tai chi. Yanifaa?"

Shikamoo mzee wangu. Waache wacheke, siku wakikuona umesimama kwa mguu mmoja ukivaa kiatu watanyamaza.

Inakufaa, kwa masharti. Mweleze daktari wako kwanza, na dawa za presha usiache hata siku moja kwa kuwa eti mazoezi yamekukolea. Usibane pumzi. Usishuke chini sana: mkao wa juu, goti limekunjwa kidogo tu kama mtu anayetaka kukaa kisha akabadili mawazo.

Goti huumizwa na kosa moja kubwa, na nimeliona kwa wazee na kwa vijana: mtu anageuza mwili huku uzito wote uko kwenye mguu uleule anaougeuza. Unyayo umegandamana na sakafu, kiuno kimeenda kushoto, goti katikati linasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Utaratibu ni kuhamisha uzito kwanza kwenda mguu mwingine, mguu ukawa mtupu, ndipo ugeuze unyayo, kisha urudi. Goti litazame vidole vinakotazama.

Mwendo wenyewe wa tai chi nyinyi watu wa pwani mnaujua bila kufundishwa. Mkumbuke mvuvi wa pweza maji yakipwa: hautupi mguu, anapapasa. Kisigino kinagusa bila uzito, akihisi hakuna mwiba ndipo anaegemea. Anzia hapo nyumbani, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Ukiweza hizo bila kushika kiti, njoo darasani.

Faida kubwa kwa umri wako ni kutoanguka. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Oregon, Marekani, waliowafuatilia wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mwili na kuvuruga mizani, kwa miezi sita, mazoezi mara mbili kwa wiki. Waliofanya tai chi walisimama imara kuliko wenzao wa makundi mengine, na walianguka mara chache kuliko waliokuwa wakinyoosha viungo tu. Wewe Parkinson huna, lakini mizani ya mwili ni ileile. Goti likivimba baada ya zoezi, pumzika na umwambie mwalimu. Akikujibu "vumilia," tafuta mwingine.

"Mume wangu anasema kung fu ni ibada ya Wachina, na hiyo 'chi' ni mambo ya mizimu. Sisi ni Waislamu. Nimwambie nini?"

Hofu yake naielewa, sitaidharau. Ila 'chi' ya kwenye tai chi siyo ile 'chi' ya pumzi na nguvu anayoisikia. Kwa Kichina ni maneno mawili tofauti, kwetu yamefanana kwa sababu ya tahajia tu. Taiji maana yake ni kama upeo mkuu, istilahi ya falsafa yao, na ngumi ikaazima jina.

Kisha mwambie habari za Wang Ziping. Alizaliwa 1881 Cangzhou, Mwislamu wa kabila la Hui, akafariki 1973, na katika karne iliyopita ni wachache China waliokuwa na jina kubwa kama lake. Ilipofunguliwa taasisi kuu ya taifa ya sanaa za mapigano huko Nanjing mwaka 1928, yeye ndiye aliyekabidhiwa kitengo cha Shaolin. Waislamu wa Hui wana mitindo inayohusishwa nao hasa, chaquan na tantui, na Wachina wana msemo kwamba kutoka Nanjing hadi Beijing, tantui ya kweli utaikuta kwa Waislamu.

Salamu ya ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto ni adabu, kama sisi tunavyoinama kidogo kumpa mkubwa mkono. Zipo shule zinazofukiza udi mbele ya picha za waasisi. Uliza kabla ya kulipa, na kama hamtaki, semeni. Darasani kwangu hakuna, na saa ya swala tunasimama.

"Niko Dodoma. Nimefanya kung fu miezi minane na nina mkanda mweusi. Rafiki yangu wa karate ananicheka. Nimeibiwa?"

Inaelekea, ndugu yangu.

Mikanda ya rangi ilitoka Japani, kwenye judo na baadaye karate. Kung fu kwa asili haikuwa nayo, ukanda ulikuwa wa kufungia nguo. China leo ina mfumo wa ngazi tisa, na shule nyingi zimeazima rangi kwa sababu watoto wanazipenda. Siyo kosa. Kosa ni rangi kupanda kila unapolipa. Nami yalinikuta: nikiwa kijana nililipia mtihani mara nne kwa mwalimu mmoja nisiyemtaja, na mara ya nne alinipima huku anaongea na simu, mgongo kanipa. Nilifaulu.

Jipime hivi. Ndani ya miezi hiyo minane, mwalimu amekurekebisha kitu gani hasa? Kama unaweza kutaja vitano, mkanda ufiche kabatini na uendelee. Kama huna hata kimoja, umejua jibu.

"Naweza kujifunza kwa video za YouTube?"

Mpangilio wa miondoko, ndiyo. Kosa lako, hapana: video haikuoni.

"Mwalimu, mimi ni msichana wa Nairobi, hushuka matatu saa tatu usiku. Kung fu itanisaidia nikivamiwa?"

Simu mpe, dada. Halafu kimbia. Hilo nawafundisha hata wanaume wenye mabega.

Ukitaka ukweli zaidi: mwaka 2017 huko Chengdu, mpiganaji wa MMA, yaani mapigano ya mitindo mchanganyiko, aitwaye Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei, aliyejiita bingwa wa tai chi. Kabla nusu dakika haijaisha, Wei Lei alikuwa chini. Wachina wengi walikasirika, mimi nikaona ni somo la bure. Ukicheza na hewa miaka kumi, utakuwa hodari wa kupiga hewa. Kwa hiyo shule unayoitaka wewe ni ile yenye sanda, yaani pambano la glavu na kinga ya meno, au kwa upande wa tai chi, yenye kusukumana kwa mikono wawili wawili. Nenda ukaangalie darasa zima kabla ya kulipa. Tazama kama wasichana wanapangwa na watu wa uzito wao, na kama mtu akisema "basi" mwenzake anaacha papo hapo.

"Nije nimevaa nini?"

Suruali pana, fulana, raba za kitambaa zenye soli bapa. Pete na hereni acha nyumbani. Na funguo toa mfukoni: tuna mwanafunzi mwenye alama ya kufuli la Solex pajani, aliipata siku ya kwanza ya kuviringika.