Maswali ya Wasomaji: Trekta la Zamani Likiazimwa kwa Mkusanyaji

SWALI: Shikamooni. Marehemu baba alituachia Massey Ferguson 35 ya silinda tatu. Kuna mzee nje ya Arusha anakusanya matrekta ya zamani, na ameomba tumwazime kwa miaka mitano aliweke bandani kwake wageni walione. Kuliuza hatutaki. Tuandikiane nini? – Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba. Malizeni kwanza la nyumbani. Trekta la marehemu ni sehemu ya mirathi, na mwenye mamlaka ya kulitoa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala yule anayeishi nalo. Ndugu mmoja akisaini peke yake, kesho mwingine atalidai likiwa Arusha, na mzee wa watu ataingizwa kwenye ugomvi usiomhusu.

Kisha andikeni trekta lenyewe ni lipi. Namba yake iko kwenye kibati cha dashibodi, na ya injini imepigwa kwenye bloku. Futeni kibati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Brashi ya waya inakula herufi, na kibati kisichosomeka kinashusha thamani ya trekta zima. Pigeni picha pande zote nne, kiti, matairi yote, mita ya saa, halafu kwa karibu vile vinavyobadilishwa kwa dakika chache: pampu ya dizeli, nozeli, stata na dainamo. Kila kasoro iandikwe mahali ilipo: madigadi ya kushoto imepasuka kwenye bolti ya nyuma, haidroliki inapanda lakini inashuka yenyewe. Wote wawili wasaini orodha hiyo siku trekta linapopakiwa, si wiki moja baadaye.

Kwenye mkataba wenyewe, taja tarehe ya mwisho. Maneno kama "kwa muda mrefu" au "mpaka tutakapolihitaji" ndiyo yanayogeuza azima kuwa zawadi. Taja thamani kwa shilingi mliyokubaliana, na nani analipia bima ya moto, wizi na safari. Nauli ya kwenda na ya kurudi ni ya nani? Nani anaruhusiwa kuliwasha? Tunashauri muandike waziwazi kwamba halitalima, halitavuta tela, halitapakwa rangi wala kuazimwa kwa mtu wa tatu bila ridhaa yenu ya maandishi. Wekeni pia siku za taarifa kwa anayetaka kuvunja mkataba mapema. 60 zinatosha kutafuta lori na mahali pa kuliweka.

Kuhusu vipuri watu wengi hujisahau. Mzee akinunua pampu mpya, ni yake au ni ya trekta? Andikeni. Na pampu ya zamani isitupwe hata kama imekufa. Ifungwe kwenye boksi lenye jina lake na irudi pamoja na trekta.

Tuombe uzima, lakini mkataba ufikirie na kifo. Mpokeaji akifariki, warithi wake watakuta trekta bandani na kulihesabu kuwa mali ya baba yao. Fungeni kibati kidogo chini ya boneti, kwenye tundu la bolti lililopo bila kutoboa jipya: mali ya familia fulani, limeazimwa, tarehe fulani. Kadi halisi ibaki kwenu, mpeni nakala.

Siku ya kupakia, mnyororo ushike ekseli, ya mbele na ya nyuma. Usipite kwenye fimbo za usukani, maana zikipinda kidogo tu magurudumu ya mbele yatakula matairi.

SWALI: Nimeazimwa Ferguson TE20 ya petroli, ile ya kijivu. Itakaa bila kazi miezi mingi. Trekta langu jingine liliganda klachi kwa kusimama tu. Nilitunzeje hili la watu? – Mkusanyaji, Moshi

JIBU: Klachi huganda kwa sababu springi zinaibana sahani yake kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) muda wote. Unyevu ukiingia katikati, chuma kinaota kutu na vitu viwili vinashikana kama vimeunganishwa kwa gundi. Dawa ni kipande cha mbao: kanyaga pedali mpaka chini, ikaze kwa mbao isirudi, iache hivyo muda wote trekta linapopumzika.

Ikishaganda, usitafute ujanja wa kuwasha injini likiwa kwenye gia. TE20 haikubali, kwa kuwa stata yake huwashwa kwa mkono wa gia wenyewe ukipelekwa kwenye S. Washa lipate moto vizuri, zima, ingiza gia kubwa, kanyaga klachi mpaka chini, kisha livutwe taratibu na trekta lingine kwa fimbo ngumu, si kamba. Ukaidi wa injini ndio utakaoibandua sahani. Ikishindikana, ni kulitenganisha trekta katikati kwa kufungua bolti. Hapo kumbuka TE20 haina chasisi; injini na giaboksi ndio uti wa mgongo wake, kwa hiyo kila nusu inahitaji kiegemeo chake kabla ya kulegeza bolti ya kwanza.

Petroli usiiache ndani. Ikikaa inageuka utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Funga koki ya tangi injini ikiwa inaunguruma, iache izimike yenyewe, kisha mwaga iliyobaki. (Trekta la dizeli ni kinyume: jaza tangi mpaka shingoni, maana nafasi tupu ndiyo inayoleta maji.) Fungua plagi, tia vijiko viwili vya oili kwenye kila silinda, zungusha injini kwa hendeli. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisikumbatie hendeli. Injini ikirusha nyuma, gumba lililokumbatia linavunjika. Rudia kuizungusha kila mwezi.

Wengi huwasha dakika 10 kila wiki wakidhani wanalisaidia. Wanaliua. Injini haijapata moto wa kutosha kukausha mvuke, kwa hiyo maji yanabaki kwenye oili na kwenye eksozi. Ukiwasha, liache liungurume nusu saa au zaidi mpaka lipate moto kamili, vinginevyo usiwashe.

Mengine ni mepesi: toa waya wa betri, funika eksozi kwa kopo, shusha mikono ya haidroliki, usifunge breki, weka magogo chini ya ekseli matairi yasibebe uzito. Kwenye rejeta tia kulanti nusu na maji safi nusu. Kagua valvu za matairi ya nyuma. Ukiona unga mweupe, ndani kuna maji ya chumvi ya kuongeza uzito, na rimu inaliwa.

SWALI: Rangi imechujuka. Nikilipaka jipya kama shukrani kwa wenyewe, kuna ubaya? – Huyohuyo

JIBU: Upo. Rangi ya kiwandani ikikwanguliwa hairudi. Lioshe, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, paka nta. Ukitaka zaidi, waulize wenyewe.

SWALI: Mwenye trekta jekundu, Massey Ferguson 35, anataka niandike kwenye kibao kwamba lilitumika kwenye Mpango wa Karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, hapa Kongwa. Nakubali? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Mpango ule ulianza 1947 na ukaachwa 1951. Kampuni za Massey-Harris na Ferguson ziliungana 1953, na modeli ya 35 yenye jina la Massey Ferguson ilitoka mwishoni mwa 1957. Injini ya Perkins ya silinda tatu ilifuata 1959. Ferguson ya kijivu ingewezekana, kwani ilianza kuundwa Coventry, Uingereza, 1946, lakini nayo ingehitaji hati inayotaja namba yake. Mtambo uliokuwa wa Kongwa kwelikweli ni Shervick, trekta la minyororo ambalo kiwanda cha Vickers kililitengeneza kwa vipande vya vifaru vya kivita vya Sherman. Hilo jekundu liandikie mwaka wake na shamba lililolima, kwa jinsi kadi na wenyewe wanavyothibitisha.