Waulize Mafundi: Chuo, fildi na IST inayomisi

Shikamooni mafundi. Nimemaliza kidato cha nne, nipo Mbagala, nataka kuwa fundi magari. Nyumbani wanataka nisome diploma, jirani yetu mwenye gereji anasema VETA inatosha. Niende wapi?

Marahaba, mdogo wetu. Kama unataka kushika spana mapema, anza na ufundi stadi. VETA, kwa mfano pale Chang'ombe, mafunzo yanapanda kwa ngazi tatu na muda mwingi mnakuwa karakana. Diploma, kama ile ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo, ina hesabu na nadharia zaidi, na ufaulu wako wa kidato cha nne unaangaliwa kwanza. Zote ni njia halali. Kinachotusikitisha ni mzazi kulipia ada chuo ambacho karakana yake ni chumba kitupu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi), kisha omba kuingia karakana. Uliza injini ngapi zinawaka na wanafunzi wangapi wanagawana kila moja. Injini iliyokatwa na kupakwa rangi inafundisha majina ya vifaa tu. Kutafuta hitilafu utajifunza kwenye injini inayowaka. Ukiambiwa uchague kati ya ufundi magari na umeme wa magari, sisi tungechukua ufundi magari, ila maltimita (kifaa cha kupimia umeme) uizoee tangu mwaka wa kwanza. Magari mengi yanayokaa gereji wiki nzima yamekwama kwenye umeme.

Binti yangu anaanza chuo cha ufundi magari. Dukani Kariakoo nimeoneshwa boksi la vifaa zaidi ya mia, bei yake imenitisha. Ni lazima? (Mama, Temeke)

Si lazima, mama. Vipande vingi vya boksi lile hatavigusa mwaka mzima. Mnunulie spana na soketi za namba 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21, soketi ya plagi ya 16, bisibisi mbili za kila aina, plaisi, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), maltimita ya kawaida, miwani ya kinga na viatu vigumu. Namba 10 na 12 nunua zilizo bora kabisa, maana ndizo zitakazotumika kila siku kwenye Toyota. Spana laini hupanuka mdomo ikala kichwa cha nati, na nati iliyolika inaweza kumpotezea saa nzima.

Habari za kazi. Nipo fildi (mafunzo kwa vitendo) gereji moja Ilala, ngazi ya pili. Ililetwa Toyota IST ya injini 1NZ, taa ya cheki injini inawaka, gari linatetemeka likiwa sailensa, yaani limewaka bila kukanyaga mafuta. Mashine ya kupimia ikasoma kodi ya hitilafu P0301. Fundi mkuu akaagiza plagi nne na koili nne (zinazozipa plagi umeme wa cheche). Tumefunga zote, bado inamisi. Tumekosea wapi?

P0301 haijasema koili ni mbovu. Imesema silinda namba 1 haichomi ipasavyo. Kutoka hapo hadi kujua sababu kuna kazi ya nusu saa isiyohitaji kununua kitu, na ndiyo mliyoiruka.

Silinda namba 1 kwenye injini hiyo iko upande wa mkanda. Andika kodi kwenye karatasi kabla ya kuifuta. Zima gari, bonyeza kufuli ya kiunganishi cha waya wa koili taratibu (plastiki yake imeshakaushwa na joto, ukivuta kwa nguvu inakatika na waya utabaki unacheza), fungua bolti ya namba 10, toa koili ya 1 na uibadilishane na ya 2. Futa kodi, washa, acha imisi, soma tena. Ikija P0302, tatizo limehama na koili: nunua moja tu. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Fanya vivyo hivyo kwa plagi.

Wakati koili iko nje, mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Ukikuta oili, gaskiti ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavuja, na oili hiyo inalainisha mpira wa koili mpaka cheche inatorokea pembeni. Ukifunga koili mpya juu ya oili, nayo itaharibika. Angalia pia plagi mpya zenyewe: nafasi ya cheche kwenye injini hii ni milimita 1.1, na plagi iliyodondoka sakafuni huziba nafasi hiyo. Na kama koili nne mlizonunua ni za mtumba, msizihesabu kuwa nzima hadi mzipime.

Plagi na koili zikiwa salama, nenda kwenye nozeli, kile kifaa kinachopulizia mafuta kwenye silinda. Weka bisibisi ndefu juu yake, mpini sikioni: inatakiwa igonge sawa na wenzake. Chomoa waya wake, pima ukinzani, linganisha na nozeli tatu nyingine. Inayotofautiana sana ndiyo ya kushuku.

Mwisho ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote nne, chomoa waya za koili na nozeli, kanyaga mafuta hadi mwisho, betri iwe imejaa, funga geji ya kompresheni kwenye shimo la plagi, piga stata, silinda moja baada ya nyingine. Silinda 1 ikiwa chini sana kuliko nyingine, mwagia kijiko cha chai cha oili kwenye shimo lake na upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gaskiti ya silinda hedi, na hapo mweleze mwenye gari kabla hujafungua chochote.

Fundi mkuu mweleze kwa heshima, na umwoneshe karatasi yenye vipimo.

Mimi ni saidia fundi Tegeta kwa miaka mingi, sina cheti. Nirudi kuanza chuo upya?

Hapana, kaka. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kile unachokijua, penye pengo unaongezewa mafunzo, unapata cheti. Ulizia kituo kilicho karibu nawe. Kazi unaifahamu, kwa hiyo jiandae zaidi kwenye yale ambayo gereji za mtaani huyaruka: kuweka stendi kabla ya kuingia chini ya gari, kuanza na hasi unapochomoa betri, kupima chaji (injini ikiwaka, volti 13.8 hadi 14.5), na kukaza nati za tairi kwa mtindo wa msalaba kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103. Kwa kuruka juu ya spana huwezi kujua umefikia ngapi. Ikizidi sana, stadi (bolti zinazoshika tairi) zinakatika na disiki ya breki inapinda.