Kuchora fuvu lenye pembe: anzeni na kichwa cha mbuzi wa supu

Tangu nipakie picha ya fuvu la tandala, yule swala mwenye pembe za kujizungusha, nililochora kwa mkaa, lile lililotundikwa sasa kwenye ukumbi wa loji moja kule Iringa, simu yangu haijapumzika. Nashukuru sana kwa pongezi. Lakini ujumbe unaojirudia ni mmoja: "Kaka, kazi kali, nifundishe zile pembe." Kila mtu pembe! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu taya.

Sasa tusikilizane. Miaka ile nahangaika, bwana mmoja wa kuchapa fulana Kariakoo aliniagiza fuvu lenye pembe za matawi, zile za ayala wa Ulaya na Marekani mnazoziona kwenye jaketi za waendesha pikipiki. Nikakesha nazo. Pembe zilitoka safi, tawi kwa tawi. Nilipompelekea alitazama karatasi, akawaita vijana wake waje kuona, akasema, "Huyu ni punda kavaa mti." Wakacheka mpaka wateja wakasogea. Akadai na advansi yake palepale, mbele za watu, nikamrudishia. Picha ya loji nimemtumia WhatsApp. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Poa tu.

Kilichonitoa hapo ni bucha. Nilinunua kichwa cha mbuzi, nikakichemsha kwa moto mdogo uani (moto mkali unapasua mifupa, na majirani watakuja kuuliza), nyama tukala, fuvu likabaki langu. Siku ya pili nikashika pembe, nikazungusha kidogo, ikachomoka nzima kama kisu kwenye ala. Ndani yake kulikuwa na mfupa mwingine, mfupi zaidi, wenye vitundu vidogo vidogo na mifereji ya mishipa ya damu, umeota moja kwa moja kutoka kwenye paji. Nilikaa pale na lile gamba mkononi muda mrefu. Ndiyo ilivyo kwa mbuzi, ng'ombe, nyati, tandala na jamii yote ya swala: mfupa ndani, gamba nje, na pembe haianguki mwaka mpaka mwaka.

Ayala ni habari nyingine. Yake ni mfupa mtupu, huota na kudondoka kila mwaka, na inakalia kigingi kifupi cha mfupa juu ya paji, nyuma ya macho. Pale inapoanzia kuna pete ya vinundu. Ukiiacha ile pete, pembe inaonekana imebandikwa kwa gundi. Na huku kwetu msimtafute. Afrika nzima ayala wa asili yuko kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Ndiyo maana nawaambia chora tandala. Ni wetu, Hifadhi ya Ruaha wapo wakubwa na wadogo, na mzungu wa loji haji huku kununua pembe za kwao.

Haya, fuvu. Tazama taya la juu la mbuzi wako kwa mbele: hakuna meno. Yako ya chini tu. Juu kulikuwa na ufizi mgumu. Kisha unapita mwanya mrefu mtupu ndipo unakutana na magego. Nimeona tattoo nyingi mjini, swala wana meno ya mbele juu na chini kama mtu anayetangaza dawa ya mswaki. Halafu macho. Matundu yako pembeni, yamezungukwa na pete kamili ya mfupa, na yako nyuma sana kuliko unavyodhani. Kutoka tundu la jicho hadi ncha ya pua ni zaidi ya nusu ya fuvu. Ukiyaleta macho katikati yakatazama mbele, umeshapata punda wako. Weka macho kwanza, kisha pima pembe kutoka kwenye macho. Narudia: macho kwanza, pembe baadaye.

Pembe ya tandala chora mhimili wake kwanza, mstari mwepesi unaotoka nje na kwenda nyuma, kisha zungusha pembe juu ya huo mhimili. Dume aliyekomaa ana mizunguko miwili na kidogo. Kuna ukingo unaopanda na mzunguko kuanzia shinani. Fuata huo ukingo kwa macho kabla ya penseli, unapotea nyuma unaibuka mbele. Kushoto na kulia zinatazamana kama kwenye kioo. Vivuli ni mazoezi tu, sina siri hapo.

Na jamani, msiokote fuvu porini. Tanzania hizo ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi, hata kama mnyama alikufa kwa simba. Kenya nako sheria yao ya 2013 haina mchezo. Mimi tandala nilimchorea hifadhini, kwenye mafuvu yaliyopangwa kituo cha wageni, nimekaa chini na karatasi ya A3 huku watalii wananiruka. Mlioko Nairobi mna Makumbusho ya Taifa, nendeni na penseli, acheni kwenda kupiga selfi tu.

Ninyi vijana mnataka mkato. Mnapakua picha, mnaiweka chini ya karatasi, mnafuatisha mistari, kisha mnaandika "sanaa yangu". Mteja akikwambia geuza kichwa kidogo kulia, utageuza nini? Shika mfupa. Geuza. Chora. Geuza tena, chora tena. Ukichoka chora taya.

Wanaouliza kama nitafungua darasa: bado sina nafasi, ila Jumamosi mchana huwa niko uani nachora. Anayekuja aje na kichwa chake cha mbuzi kilichokwisha kuchemshwa, penseli laini za 2B na 4B, na ufutio laini. Sufuria yangu siazimishi.