Maswali na Majibu: Kumpima Farasi Kabla ya Kutoa Dau

Kila Jumapili ya mbio ikipita pale uwanja wa Ngong, Nairobi, maswali hunimiminikia. Leo nimechukua manne, yote ya wageni wa mchezo huu.

Shikamoo mzee. Neno "hendikapu" linanichanganya. Mara ni aina ya mbio, mara ni kazi ya anayebeti. Ni lipi hasa? (Mwanafunzi, Nakuru)

Marahaba. Ni yote mawili. Kwanza ni mbio ambazo ofisa hupanga uzito: farasi hodari humbebesha kilo nyingi, dhaifu kilo chache, ili wote wafike mstarini bega kwa bega. Jokii, yaani mpanda farasi, akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa mifukoni chini ya tandiko. Pili ni kazi yetu sisi wa kando ya uzio: kutafuta pale ofisa alipokosea.

Umbali kati ya farasi na farasi huhesabiwa kwa urefu wa farasi mmoja, kama mita 2.4. Kanuni ya kale ya Waingereza husema kwamba katika mbio za mita 1600, kilo moja hivi hula urefu mmoja. Basi kama Farasi A alimshinda B kwa urefu mmoja, na leo A kaongezwa kilo 3 huku B akibaki na mzigo uleule, kwenye karatasi B yuko mbele. Umbali ukizidi, kilo hiyohiyo huuma zaidi.

Kaka, kando ya jina la farasi naona 3105. Nianze kusoma wapi? (Dereva, Kitengela)

Anzia kulia. Kila namba ni nafasi aliyomaliza, na hiyo 5 ndiyo ya mbio zake za mwisho. Na 0 maana yake alimaliza nje ya tisa wa kwanza. Lakini namba tupu hudanganya: wa 5 kati ya farasi 14 wakali si sawa na wa 5 kati ya 5, huyo kaburuta mkia! Uliza alikimbia mita ngapi, akiwa na kilo ngapi, na dhidi ya nani.

Kisha uliza swali ambalo wageni wengi hulisahau: nani atakimbilia mbele? Wakiwa mmoja tu, huenda akapata raha na asishikike. Wakiwa watatu wanne, watachomana wenyewe kwa wenyewe. Kumbuka Kentucky Derby ya Marekani, mwaka 2022. Mita 400 za kwanza zilikwenda kwa sekunde 21.78, kasi ambayo mbio hizo hazikuwahi kuiona. Waliokuwa mbele wakaishiwa pumzi, na Rich Strike, aliyeingizwa orodhani siku moja tu kabla baada ya mwingine kutolewa, akapenya kutoka nyuma akashinda kwa 80/1, yaani shilingi moja huvuna themanini. Sisemi ungemjua. Nasema mwendo ule ndio uliomfungulia mlango.

Kwa nini nisimfuate tu yule anayependwa na wengi, mkeka usichanike? (Mama mboga, Ruiru)

Dada, wewe unajua bei kuliko mimi. Nyanya nzuri kwa bei mbaya ni hasara. Anayependwa na wengi hushinda takriban mbio moja katika kila tatu. Bei yake ndiyo humaliza faida. Ukiona 4/1, yaani 5.00 kwa uandishi wa mpira (4 za faida na 1 yako), gawanya 100 kwa 5: wauzaji, yaani kampuni za kubeti, wanasema ana nafasi 20 katika 100. Sasa chukua mbio za farasi watano wenye 6/4, 2/1, 4/1, 5/1 na 9/1. Nafasi zao zikijumlishwa zinafika 120. Zile 20 za ziada ndizo chakula cha mwenye duka. Wewe mtafute farasi unayemkadiria 30 huku akiuzwa kama wa 20. Asipopatikana, kaa na pesa yako mfukoni.

Niko Dubai kwa kazi ya ulinzi. Huangalia mbio uwanja wa Meydan, ila sibeti. Nitajifunzaje? (Mlinzi, Dubai)

Bahati yako! Chukua daftari. Kabla ya kila mbio andika nafasi ya kila farasi, jumla iwe 100, na sababu kwa mstari mmoja. Baada ya mbio 50 rudi usome ulikosea wapi.

Na usikae jukwaani tu, nenda pale farasi wanapozungushwa kabla jokii hajapanda. Mwaka wangu wa kwanza Ngong, farasi niliyempenda alikuwa na povu jeupe kama la sabuni katikati ya mapaja ya nyuma. Nikajiambia ni jua. Wenzake wote walikuwa wakavu. Nguvu zake alikwishazimaliza pale pale, akaja wa mwisho, na ile tiketi nikafungia njugu.