Kabla Hujamgusa Mgonjwa Aliyeruhusiwa, Piga Simu Wodini

Juzi nimemkuta mwenzetu, mgeni katika kazi hii yetu ya kuhudumia wagonjwa majumbani, kando ya kitanda cha mgonjwa, karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitali mkononi, anagawa dawa moja baada ya nyingine. Nikamuuliza, "Wodini umeongea na nani?" Kimya. Wadogo zangu, tukae chini.

1. Karatasi ya ruhusa inataja dawa zilizoanzishwa. Zilizosimamishwa, mara nyingi haizitaji. Hapo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kuhudumia wagonjwa majumbani, Mbagala, nilipompokea bibi mmoja wa kisukari. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, kwa hiyo wodini wakamtoa kwenye vidonge, wakamwanzishia insulini. Karatasi ilisema: insulini asubuhi na jioni, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Nikamfundisha binti yake kuchoma sindano. Friji hawana, tukaweka kichupa kwenye chungu chenye maji. Nikaondoka moyo mweupe.

Kumbe bibi ana kopo la majani ya chai lenye glibenklamidi, vile vidonge vyake vya zamani vya kushusha sukari, na kila asubuhi anameza kama alivyozoea. Hakuna aliyemkataza. Mimi sikuuliza.

Usiku wa tatu simu ikaita: "Sista, mama haamki, shuka limelowa jasho." Nikamwambia amlaze ubavu na kumpaka asali ndani ya shavu, nikarukia bodaboda. Mashine ya kupima sukari ikasoma 1.8, chini mno. Hospitali wakampa glukosi ya mshipa, akafumbua macho, tukamshukuru Mungu. Saa mbili baadaye akazama tena, maana figo zikiwa dhaifu glibenklamidi haitoki mwilini upesi. Siku mbili nzima alikaa na dripu. Binti alinishika mkono akiuliza kama yeye ndiye aliyekosea kuchoma. Nikamwambia hapana, kosa ni langu. Asubuhi daktari akafungua faili la awali: "Simamisha glibenklamidi." Iliandikwa siku ya pili ya kulazwa! Simu ya dakika tatu ingenisomea mstari ule.

2. Mpira wa mkojo: uliza umewekwa tarehe ngapi, andika.

3. Piga simu baada ya raundi ya madaktari wodini. Wakati wa kukabidhiana zamu usisumbue, hakuna mwenye faili mkononi. Na sista wa wodini msimwone adui. Wagonjwa wengine amewalaza chini, ndugu wanamzonga, na akiandika "aendelee na dawa" anaamini unazijua. Mfahamu kwa jina. Mgonjwa akiharibika nyumbani, mpigie umweleze kilichotokea. Wodini hawana njia nyingine ya kujua ruhusa yao iliishia wapi.

4. Nyumbani, usiulize "unatumia dawa gani?" Sema: leta kopo, leta mfuko, leta na zilizo chini ya mto. Zipange mkekani, umsomee sista moja moja akiwa bado kwenye simu.

Bibi yule nampitia kila Jumatano. Kabla sijavua viatu, kopo amekwisha kunikabidhi.